Wiki Ijayo Tunahama

Mwaka 1984, nilipokuwa darasa la tatu, tuliishi kwenye kota za reli Itigi, na huko niligombana na rafiki yangu wa karibu kwa sababu ya chupa ya chai. Baba yangu alikuwa stesheni masta. Baba yake alikuwa mfungua njia, yaani yule anayegeuza reli ili treni iingie katika njia inayotakiwa. Usiku mmoja tulitumwa sote wawili tuwapelekee chai wakiwa zamu. Chupa ikaniponyoka mikononi, ikagonga kokoto za relini, na kioo cha ndani kikavunjika kwa ule mlio mdogo ambao kila mtoto wa enzi zile anaujua. Chupa ilikuwa ya kwao, na miaka ile kupata nyingine dukani lilikuwa jambo la bahati. Nilisema ameiangusha yeye. Alichapwa mbele yangu, hakunijibu neno, na kesho yake darasani akahamia dawati la mbele.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili, na siku ya tatu nikamwambia mama kwamba nataka kwenda kwao nikaseme ukweli. Mama alikuwa ameketi sakafuni akiviringisha vikombe ndani ya magazeti ya zamani. Hakuinua kichwa. “Achana nayo, mwanangu,” alisema. “Wiki ijayo tunahama.”

Sisemi haya ili nimlaumu mama, ambaye kufikia siku hiyo alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyake mara kadhaa tangu aolewe, na ambaye alikuwa akinigawia dawa aliyozoea kuinywa mwenyewe. Nayasimulia kwa sababu sentensi ile fupi ilikaa ndani yangu kwa miaka karibu arobaini, ikafanya kazi bila mimi kuiona, na nilikuja kuitambua nikiwa mtu mzima mwenye mume na watoto, nilipojikuta nikiisema tena kwa maneno mengine.

Sisi tulikuwa watoto wa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa Wajerumani, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njiani kote iliacha vituo vidogo ambavyo kila kimoja kilihitaji mtu wa kupokea treni, mtu wa kuiruhusu iondoke, na gengi la kutengeneza njia. Watu hao mara nyingi hawakuwa wenyeji wa mahali penyewe. Ukiingia kwenye kota za kituo chochote ungemkuta Mnyamwezi amepakana na Muha, Mluguru amepakana na Msukuma, na wote wamekuja kwa barua na wataondoka kwa barua. Baba alitumikia vituo vitano katika miaka kumi na mmoja: Kilosa nilikozaliwa, Kintinku, Itigi, Gulwe, na mwishoni Morogoro. Barua ya uhamisho ilipofika tulipewa behewa la mizigo, vikaingia humo vitanda, kabati, baiskeli, mtungi, tenga la kuku na mbuzi mmoja, nasi tukapanda daraja la pili kwa waranti. Asubuhi tulikuwa watu wa mahali pengine.

Mtoto wa maisha hayo hujifunza kufika. Nilijua kwamba siku ya kwanza usijitie ujuaji, na kwamba siku ya pili uende kwa jirani ukaombe chumvi hata kama mnayo, kwa maana anayeombwa hujiona mwenyeji, na mwenyeji humpenda mgeni anayemhitaji. Nilijua kucheza rede kwa kanuni za kila kituo, maana kila kituo kilikuwa na zake. Mpaka leo naweza kuingia katika chumba chenye watu nisiowajua na baada ya nusu saa nikawa nimeshajua nani amefiwa, nani ana mtoto anayesumbua, na nani hapatani na nani. Kazini kwangu, kwa kuwa mimi ni muuguzi, wenzangu huniambia nina kipaji. Si kipaji, ni uhamisho.

Kupatana ndiko hatukujifunza. Nilianza kuliona hilo likizo moja nilipopelekwa Kisarawe kwa bibi, mzaa mama, katika kijiji ambacho watu wake walizaliwa pale na walitarajia kuzikwa pale. Wanawake wawili waligombana vikali kwa sababu ya mnazi uliokuwa mpakani, wakatukanana mpaka nikaogopa, na kwa akili yangu ya reli nikasubiri mmoja wao ahame. Hakuhama mtu. Kesho yake walikutana kisimani wakapishana kimya, kesho kutwa vilevile, na siku ya tano bibi yangu na mzee mwingine wakawaita, wakawaketisha mkekani, wakawasikiliza mpaka jua likazama. Wiki iliyofuata niliwaona wakisukana nywele. Hawakuwa watu wema kuliko sisi, maana bibi aliniambia kwamba mmoja wao alikuwa na roho mbaya tangu utoto. Ila kisima kilikuwa kimoja, na mtu hawezi kununa miaka thelathini huku akitekea maji mahali pamoja na yule aliyemnunia. Kwetu relini ugomvi haukuhitaji kumalizwa, ulihitaji kungojewa tu, kwa kuwa treni ilikuwa njiani.

Nisije nikaonekana kwamba naamini watu wa kale walikaa mahali pamoja na wa leo ndio wanaotangatanga. Upande wa baba yangu ni Wanyamwezi, na babu zao walikuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo kwa miguu muda mrefu kabla Mjerumani hajalaza taruma la kwanza, safari ya miezi, wakipita katika nchi za watu wengine na kulipa hongo ili waruhusiwe kupita. Mama yangu ni Mzaramo, kabila ambalo nchi yake iko katika pwani ile ile ambayo misafara ilikuwa ikishukia. Ndiyo maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Vijana wa mjini hudhani utani ni kutupiana maneno ya kuchekesha kuhusu ulaji wa panya au uvivu, nami huwasikitikia, kwa kuwa wameokota ganda wakaacha kiini. Naamini ulikuwa njia ya watu wanaosafiri kuhakikisha kwamba popote watakapofia hawatakosa wa kuwazika.

Nililiona hilo kwa macho yangu Gulwe, mwaka 1985. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka sita, alishikwa na homa jioni, usiku akapata degedege, na alfajiri kabla treni ya kumpeleka hospitali haijafika akafariki. Tulikuwa na miezi mitano tu pale. Baba alipiga simu ya kukoroga kwenda vituo vya pande zote mbili, lakini ndugu zake walikuwa Urambo na ndugu za mama walikuwa Kisarawe, na maiti ya mtoto katika joto la Gulwe haiwezi kusubiri ndugu. Kabla ya saa tatu asubuhi alifika mtu mmoja kutoka kwenye gengi la njia, mtu mrefu mwenye shati la kazi lililochanika begani, ambaye hatukuwa tumewahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Alikuwa Mzaramo. Kwa mama alikuwa ndugu na kwa baba alikuwa mtani, na asubuhi ile alivibeba vyeo vyote viwili. Ndiye aliyetafuta wachimbaji na mbao, na ndiye aliyeagiza wanawake wa kota waweke maharage jikoni.

Kaburi lilipokuwa tayari aliingia ndani akaketi. “Hazikwi mtu hapa,” alisema, “mpaka Wanyamwezi walipe hongo waliyokwepa walipopita kwa babu zangu.” Watu walishtuka, kwa kuwa katika msiba wa mtoto mdogo utani hupunguzwa. Lakini nilimwona baba, ambaye tangu usiku alikuwa kama gogo, akitikisika mabega. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alikuwa anacheka pia. Alitoa sarafu mfukoni akazihesabu moja moja kwenye kiganja cha yule mtu. Ndipo mtu yule akatoka, akampokea mdogo wangu kwa mikono miwili kwa upole ambao sijauona tena kwa mwanamume, akamlaza. Alikaa kwetu siku tatu zote za matanga. Mama alipanda mche wa mnyaa upande wa kichwani.

Miezi minane baadaye barua ilikuja. Mtani wetu aliahidi kuliangalia kaburi, nami sina shaka kwamba aliliangalia, lakini mwaka uliofuata tulisikia kwamba naye amehamishwa, na hatukujua kituo gani. Mama hakulitaja kaburi lile tena. Baba vilevile. Nyumbani kwetu jina la mdogo wangu liliachwa kama tulivyoacha majirani, na mimi nikakua nikiamini kwamba hivyo ndivyo watu wanavyovumilia.

Miaka ya sekondari niipite haraka. Nilichaguliwa shule ya bweni mkoa mwingine kabisa, kama ilivyokuwa desturi ya nchi yetu kuwachanganya wanafunzi wa mikoa mbalimbali ili wawe Watanzania kabla ya kuwa kitu kingine, na kwa hilo mpango ule ulifaulu kuliko mingi niliyoishuhudia. Nilipata marafiki ambao niliapa kwamba tutazikana. Tuliandikiana barua kwa sanduku la posta la wazazi, tukatumiana kadi za salamu redioni, kisha sanduku mbili tatu zikabadilika, na kufikia mwaka 1995 nilikuwa sijui hata mmoja wao yuko wapi. Sikuumia sana. Nilipoambiwa na mwenzangu kwamba hilo lenyewe ndilo lilipaswa kunishtua, nilimwona mtu wa makuu.

Mume wangu nilimpata Dar es Salaam, tukaoana mwaka 1999. Yeye ni Muha, lakini alizaliwa Kimamba karibu na Kilosa, kwa sababu baba yake alikuja huko kukata mkonge. Enzi za ukoloni, Tanganyika ilipokuwa ikiongoza duniani kwa katani, ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa Silabu, iliyoanzishwa mwaka 1944, iliwaandikisha wanaume Kigoma na kwingineko na kuwapeleka mashambani, na kwa kuwa walijulikana kwa namba, watu wakawaita manamba. Baba mkwe aliacha Kasulu mke mchanga akimwambia atarudi mkataba ukiisha. Mkataba uliisha, akasaini mwingine, kisha mwingine, akaoa Kimamba, na mke wa kwanza alikuja kuambiwa habari hiyo na mtu aliyerudi, baada ya miaka tisa. Hakukuwa na ugomvi kati yao hata mmoja, kama alivyotusimulia mzee mwenyewe kwa aina ya fahari. Nilimsikiliza nikatabasamu. Sikuona kwamba mimi na mwanawe tumetoka katika shule moja, ila madarasa tofauti.

Kwa miaka kumi na saba tuliishi Kimara kama watu wengine, tukigombana kwa sababu ya ada, mkwe, na luku kuisha usiku. Ugomvi wetu ulikuwa na sauti. Kulikuwa na kitanda kimoja na choo kimoja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kununa zaidi ya siku mbili, na sasa nikitazama nyuma naona kwamba vyumba viwili vya kupanga vilitufanyia kazi ile ambayo kisima kilikuwa kikiifanya Kisarawe.

Kisha ikaja Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa na TANU mwaka 1973, kabla sijazaliwa, na watumishi wa serikali walikuwa wameuzoea kama watu wanavyozoea wingu lisilonyesha. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia kweli, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia mwishoni mwa Septemba, na Februari 2017 wizara ya mume wangu ikaanza kusafirisha mafaili. Mimi nilikuwa na kazi yangu, mtoto mkubwa alikuwa akikaribia mtihani wa kidato cha nne, na yule mdogo alikuwa shule ya msingi. Tukakubaliana kwamba atangulie, kwa mwaka mmoja tu. Watu wengi wa Kimara, Tabata na Mbagala walikubaliana hivyo hivyo mwaka ule, na baadhi yao bado wako ndani ya ule mwaka mmoja.

Kilichotukuta baadaye kilianza na mambo ya nauli na saa, na watu wakisimulia habari za ndoa za mbali huwa wanayaruka. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450. Mabasi ya abiria wakati ule hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, kwa hiyo mtu anayetoka kazini Ijumaa jioni alilala, akapanda basi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, akashuka Ubungo saa tisa alasiri kama foleni ilimhurumia, na Jumapili asubuhi akaanza kurudi ili Jumatatu awe mezani. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi nilikuwa na mume kuanzia Jumamosi saa kumi jioni mpaka Jumapili saa kumi na moja alfajiri, yaani saa kumi na tatu, saba zikiwa za usingizi. Nilipika wali wa nazi. Watoto walioga mapema. Niambieni ni nani mwenye moyo wa kuanzisha ugomvi katika saa sita kama hizo.

Sikuanzisha, wala yeye hakuanzisha. Jambo likinikera nilisema moyoni kwamba nisimharibie safari, na kufikia Jumapili asubuhi jambo lilikuwa limeondoka na basi. Majirani walianza kutusifu. Dada mmoja wa kikoba chetu aliniomba niongee na binti yake aliyekuwa karibu kuolewa, nimweleze siri ya kuishi na mume bila makelele. Nilikwenda, nikaongea, tena kwa kujiamini. Leo nikikutana na binti yule hutamani nimwombe radhi.

Simu haikusaidia kama inavyodhaniwa. Tulipigiana kila usiku saa tatu, na kwa miezi ya kwanza nilidhani tuna bahati kuliko mke wa kwanza wa baba mkwe, aliyesubiri habari miaka tisa. Lakini simu ina kitufe cha kukata, na aliyekata anaweza kusema mtandao ulikuwa mbaya. Nyumbani mtu akinuna unamwona alivyoshika kikombe; kwenye simu unasikia “niko sawa” na huna budi kuamini. Pole pole mazungumzo yetu yakawa taarifa: ada imelipwa, gesi imeisha, mtoto amepona. Mhenga aliyesema fimbo ya mbali haiui nyoka alikuwa anasema habari za msaada, lakini mimi nimeona kwamba hata ugomvi ukiwa wa mbali haumalizi kitu.

Mwaka 2022 mpwa wake mmoja alinipigia kunisalimu, akamalizia kwa furaha, “Hongera kwa msingi, shangazi, umetoka mzuri.” Nikaitikia hongera, nikakata, nikaketi. Mume wangu alikuwa amenunua kiwanja upande wa Ihumwa, huko Dodoma, na kuanza kujenga bila kuniambia. Mimi nami, na hili lazima niliandike, mwaka uliotangulia nilikuwa nimetoa karibu akiba yetu yote nikamtibu kaka yangu, na sikuwa nimemwambia. Kila mmoja alikuwa na jambo lake amelificha. Nilipomuuliza kwa simu alisema tutaongea akija. Alipokuja, hakuongea. Wala mimi sikuuliza. Nilipika wali wa nazi, na alfajiri nikiwa nimesimama mlangoni namtazama akielekea barabarani na begi lake, nilijisikia nikisema, peke yangu, kwa sauti kabisa: “Achana nayo. Ataondoka sasa hivi.”

Nilibaki nimeshika komeo. Nilimwona mama sakafuni, na vikombe, na magazeti.

Haikuwa kwamba siku hiyo nilibadilika. Ilipita miaka miwili zaidi. Katika miaka hiyo niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu waliokulia kota za reli, na humo nikampata yule rafiki wa Itigi, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wawili na anauza vitambaa Mwanza. Nilimpigia. Baada ya shangwe na kuulizana wazazi, nikamwambia kwamba nina deni lake la chupa ya chai. “Chupa?” aliuliza. “Chupa gani?” Hakukumbuka chupa wala fimbo. Alichokumbuka ni kwamba siku tulipohama alikuja nyumbani kwetu asubuhi na karanga ndani ya karatasi, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli, kwa sababu behewa letu liliunganishwa na treni ya usiku. Alikaa kizingitini akazila karanga zote peke yake. “Nilikuchukia kwa ajili ya hilo,” alisema akicheka, “kuondoka bila kuniaga.” Kumbe mimi nilikuwa nimebeba kosa moja miaka yote hiyo, na yeye amebeba jingine.

Oktoba 2024 nilichukua likizo yangu ya mwaka, siku zote ishirini na nane, nikaenda Dodoma. Treni ya umeme ilikuwa imeanza safari za huko tangu Julai, na ile ya haraka ilinifikisha kwa muda wa chini ya saa nne. Wengi wanaamini kwamba treni hiyo itaziponya ndoa za Dodoma na Dar es Salaam. Nami naipenda, ni safi na haicheleweshi watu njiani, lakini nimeona upande wake wa pili: mtu aliyekuwa akija kukaa saa kumi na tatu kwa kuwa njia ilikuwa ndefu, sasa anakuja kwenye msiba asubuhi na jioni amerudi, na hakuna wa kumlaumu.

Mume wangu alishangaa kuona begi kubwa. Wiki ya kwanza tuliishi kama mgeni na mwenyeji. Alinionyesha swichi ya maji ya moto na mimi nilimshukuru. Alikuwa na desturi ambazo sikuzijua, anakula saa moja kamili, anaweka redio chini ya mto. Nilikuwa sijui mahali anapoweka chumvi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini sisi tulifika siku ya kumi bila jembe kutajwa.

Siku ya kumi na moja ugomvi ulikuja wenyewe, kwa sababu ya ndoo ya maji niliyomwaga. Ulianza na ndoo, ukaenda kwenye kiwanja, ukarudi kwa kaka yangu, ukapanda hadi kwa mama yake, na ukadumu siku nne. Sijawahi kuchoka namna ile hata zamu za usiku za wodi ya wazazi. Usiku wa pili alivaa viatu akatoka nje, na mimi nikalivuta begi langu kutoka uvunguni. Kisha nikasikia amesimama tu barazani, hana pa kwenda, maana hapo ndipo kwake, na mimi nikakumbuka kwamba zimebaki siku kumi na sita. Nililirudisha begi. Siku ya nne alinieleza kwa nini alificha kiwanja: aliogopa nikijua kwamba anajenga Dodoma nitaelewa kwamba harudi. Hilo lilikuwa kweli. Harudi, na mimi siwezi kuhamia huko kabla sijastaafu, na tulikuwa tumekaa miaka saba tukifichana jambo ambalo kila mmoja alikuwa analijua. Nami nilimwambia habari za kaka yangu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama alipona.

Bado tunaishi katika miji miwili. Nilichokipata hakikuwa suluhisho la nauli wala la umri wa kustaafu. Tuliwekeana kanuni moja tu, kwamba jambo likianza kwa simu anayesafiri hapangi siku ya kurudi mpaka jambo limekwisha, hata kama ni kuomba ruhusa kazini, na tayari imemgharimu yeye siku mbili za likizo na mimi moja. Watoto wanasema tumeanza kugombana uzeeni.

Katika wiki ya mwisho ya likizo ile nilimwomba anipeleke Gulwe. Tulipanda basi hadi Mpwapwa, kisha bodaboda moja ikatubeba sote wawili, na kituo nilikitambua kwa miembe. Mzee mmoja tuliyemwamkia alituonyesha yalipokuwa makaburi ya watu wa reli, upande ambao mto ukijaa haufiki. Mche wa mama ulikuwa umeshika. Ulikuwa umeshika mno; minyaa ilikuwa imeota pale ikawa kichaka kimoja kirefu kuliko mtu, na ndani yake kulikuwa na vilima vidogo sita au saba vilivyobonyea, visivyo na alama. Nilivizunguka nikijaribu kukumbuka jua lilikuwa upande gani siku ile. Sikuweza kusema ni kipi.

Mume wangu aliinama akaanza kung'oa majani kwenye kilima cha kwanza, akaenda cha pili, cha tatu, vyote. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye suruali, akaniuliza mdogo wangu aliitwa nani. Tulikuwa na miaka ishirini na mitano ya ndoa. Nilimtajia jina, naye akalirudia, akalikosea kidogo, nikamsahihisha, akalirudia tena.